Kuunganisha sola ya nyumbani na laini ya ZECO: mwongozo kwa anayeanza, Unguja na Pemba

Maswali ni yale yale kila siku. Fundi, nikifunga sola Tukuza yangu (mita ya luku) itarudi nyuma? Umeme ukikatika si mimi nitabaki na taa? Nitawauzia shirika nipate shilingi ngapi kwa mwezi? Nimeona bora niandike yote pahala pamoja mtu asome kabla hajatoa pesa, mana wengi wanakuja kuuliza paneli zishapanda juu ya bati na hapo ushauri haumfai tena.

Nazungumzia sola iliyounganishwa na laini (gridi) ya shirika la umeme, ZECO, yaani inveta yako (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli, DC, kuwa umeme wa nyumbani, AC) na transfoma ya mtaani zinalisha waya mmoja kwa wakati mmoja. Sio ile ya betri na taa tatu kule shamba, ile ukikosea unajiumiza mwenyewe tu. Hii ukikosea unaweza kumuua fundi wa shirika aliyepanda nguzo akiamini laini imezimwa. Ndo mana nitarudia rudia baadhi ya mambo, naomba mnivumilie.

Majibu ya haraka kwanza.

Umeme ukikatika, inveta ya gridi isiyo na betri INAZIMA, hata jua liwe kali vipi. Haijaharibika, ndo kazi yake. Ukitaka taa wakati umeme umekatika nunua haibridi, yaani inveta inayotumia gridi na betri pia, yenye betri na njia yake ya dharura.

Mita ya luku (Tukuza) ya kawaida usitarajie irudi nyuma. Mita nyingi za aina hii zikiona umeme unatoka nyumbani kwenda nguzoni ama zinauhesabu kama umeutumia wewe, yaani unalipia umeme uliowapa, ama zinaona mita imechezewa zinakata. Kwa hiyo usisukume chochote nje mpaka mita ibadilishwe na wenyewe shirika.

Kuuza: zile kanuni za 2018 za kubadilishana yuniti ambazo watu wanatumiana kwenye simu ni za EWURA, msimamizi wa nishati na maji, na mamlaka yake ni Bara. Kwetu msimamizi ni ZURA na mwenye laini ni ZECO. Usipige hesabu ya kuuza hata shilingi mia kama huna makubaliano ya maandishi mkononi. Piga hesabu ya kupunguza unachonunua, ukilipwa siku moja hiyo ni heri juu ya heri.

VITU VYA KUWA NAVYO KABLA HUJAANZA

Multimita nzuri ya kupima AC na DC mpaka volti 1000 (ile ya bei rahisi ya njano achana nayo kwenye DC ya sola). Klampu mita (inapima ampia kwa kubana waya). Kipimo cha athi (waya wa ardhini), hata cha kuazima. Inveta ya gridi au haibridi yenye cheti cha kujizima laini ikikatika, tafuta namba IEC 62116 kwenye karatasi zake. Breka za DC zilizoandikwa DC, breka za AC, kinga ya radi ya pande zote mbili, ile inayoandikwa SPD. Waya wa sola wa 4 au 6 mm², mwekundu na mweusi. Konekta za MC4 (za kuungia waya za paneli) za kampuni moja, usichanganye. Swichi ya kutenganisha inayoweza kufungwa kufuli. Bolti na nati za chuma kisichoshika kutu daraja la A4, mana hewa yetu ya chumvi inakula kila kitu. Na fundi umeme mwenye leseni, huyu sio wa hiari, wewe unaweza kusimamia na kuelewa lakini kuunga kwenye ubao mkuu aunge yeye.

HATUA

1. Pima unatumia kiasi gani MCHANA

Sio kwa mwezi, mchana. Soma Tukuza yako saa tatu asubuhi, soma tena saa tisa alasiri, toa, gawa kwa masaa sita. Fanya hivyo siku kadhaa, pamoja na Ijumaa na siku za wikendi. Nyumba ya kawaida yenye friji moja, feni mbili na pampu ya maji inayowaka mara moja moja utakuta inakula kilowati moja au chini ya hapo. Sasa mtu kama huyo kauziwa mfumo wa kilowati 5, na hana ruhusa ya kupeleka nje, basi sehemu kubwa ya jua lake inapotea bure. Gesti ya Paje au Jambiani yenye viyoyozi, mafriji na pampu ya bwawa ni habari nyengine, pale mchana mzigo upo na kilowati 5 zote zinaliwa.

Kwa makisio, kilowati moja ya paneli kwetu inatoa karibu yuniti 4 kwa siku ukichukua wastani wa mwaka, masika inashuka.

2. Nenda ZECO kabla ya kununua

Peleka barua, mchoro wa laini moja (paneli, inveta, breka, swichi, mita, nguzo), karatasi za inveta na namba ya mita yako. Uliza mambo matatu: wanakubali ukubwa gani kwenye transfoma yako, mita itabadilishwa au utafunga kwa sharti la kutopeleka nje, na nani atakuja kukagua. Pokea jibu kwa maandishi. Najua watu wanaona huu ni usumbufu lakini shirika lazima lijue wapi kuna chanzo cha umeme kwenye laini zao, wasipojua hawawezi kuwalinda mafundi wao.

Kwa walio Mji Mkongwe kuna mlango mwengine wa kugonga, Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Mji ule upo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000 na huwezi kubadilisha sura ya paa ukitegemea hakuna atakayeona.

3. Pima volti za laini yako

Hii hatua wanairuka wote, na ndo inayoleta kilio baadae. Chomeka multimita kwenye soketi: asubuhi, saa sita mchana, saa mbili usiku. Andika. Umeme wetu ni 230, na inveta nyingi zinakata zikifika 253, yaani asilimia kumi juu.

Sasa sikiliza vizuri. Ili inveta isukume umeme kuelekea nguzoni lazima volti zake ziwe juu kidogo ya zile za nguzoni. Waya ukiwa mwembamba na mrefu, zinapanda zaidi. Kilowati 5 ni karibu ampia 22. Waya wa shaba wa 6 mm² wenye urefu wa mita 30 kutoka inveta mpaka mita utakupandishia volti 4 hivi. Wa 4 mm² utakupandishia 6. Hapo bado hujaongeza waya wa kutoka nguzoni kuja kwako na laini ya mtaa mpaka kwenye transfoma. Kama saa sita soketi yako tayari inasoma 246, huna nafasi, inveta itakuwa inakata kila jua likiwa kali, yaani ule wakati hasa ulioinunulia. Dawa ni waya mnene (10 mm² kwa umbali ule inashusha mpaka volti 2 na nusu hivi), inveta iwe karibu na mita, na kutosukuma nje.

Wa mwisho wa laini, mbali na transfoma, wanapata vyote viwili: usiku 200 mchana juu. Hao wasifunge kitu kikubwa bila kuongea na shirika kwanza.

4. Chagua inveta

Kama nyumba ni fezi moja, inveta ya fezi moja. Kama hoteli ni fezi tatu, chukua ya fezi tatu, usirundike tatu za fezi moja zote kwenye fezi nyekundu kwa sababu ndo ilikuwa karibu na ngazi.

Hakikisha ina uwezo wa kuzuia kupeleka nje na inakuja na klampu yake ya kupimia umeme unaoingia na kutoka. Na hakikisha inaruhusu kubadilisha setingi za nchi.

5. Paa na paneli

Unguja ipo nyuzi 6 hivi kusini ya ikweta, kwa hiyo paneli ziangalie kaskazini kwa mlalo mdogo. Usilaze kabisa, weka angalau nyuzi 10 mvua isafishe vumbi na uchafu wa kunguru. Paa lako likiangalia mashariki au magharibi sio mwisho wa dunia, unapoteza kidogo tu.

Makuti usiweke paneli juu yake. Uzito, moto, na panya wanaotafuna waya humo ndani. Jenga fremu pembeni.

Paneli moja ya wati 550 ina uzito wa kilo 27 hadi 28 na eneo la mita za mraba 2.6 hivi. Kumi ni karibu kilo 280 na upepo wa kusi unaingia chini yake unainua, kwa hiyo fremu ishike kwenye mbao za paa, sio kwenye bati. Angalia kivuli cha mnazi saa tatu na saa kumi, sio saa sita tu. Kwa ndugu zetu wa Pemba, mkarafuu uliopandwa mwaka huu utakuwa mrefu paneli zikiwa bado zipo.

6. Upande wa DC

Paneli zikiungwa mfululizo volti zinajumlishwa. Kumi zenye volti 49.8 wazi (bila mzigo) kila moja zinakupa 498. Angalia kikomo cha inveta, nyingi za nyumbani zina 550 au 600, na usikaribie sana, mana jua la asubuhi paneli ikiwa bado ya baridi volti zinakuwa juu kuliko saa saba paneli inapochemka.

ONYO: usichomoe MC4 wakati umeme unapita. DC inatoa cheche isiyojizima, inabaki inawaka kama ya kuchomelea, inaunguza konekta na mkono. Mpango ni huu kila siku: zima AC, zima DC, subiri, pima, ndo uchomoe.

ONYO la pili: breka ya AC sio breka ya DC hata kama ampia zinalingana. Siku ya hitilafu itayeyuka ikiwa imefunga.

Konekta zikazwe kwa koleo lake, sio kwa pilaizi. Konekta iliyobanwa kwa pilaizi ukiifungua baada ya masika moja pwani utakuta pini imeota kijani, plastiki imekuwa kahawia upande mmoja, na ukiinusa unasikia harufu ya kuungua. Moto wa paa unaanza na kitu kidogo kama hicho.

7. Athi

Walio kwenye udongo mnene, mashamba ya katikati na magharibi ya Unguja, hawana tabu, rodi inaingia. Walio maweni, Makunduchi, Jambiani, Nungwi, mnajua wenyewe: unapiga nyundo rodi inaingia futi mbili inagonga jiwe inapinda. Na hata ikiingia, jiwe la matumbawe kavu halipitishi umeme vizuri. Msikate rodi mkaifukia kipande kama nilivyoona pahala kwingi. Chimbeni mfereji, lazeni waya wa shaba wazi au ukanda mrefu, fukieni kwa udongo mzuri wa kuleta, ongezeni rodi mahali panapoingia, unganisheni zote pamoja. Alafu pimeni. Mimi nataka chini ya omu 10, na nataka ipimwe kiangazi, sio siku ya mvua.

Fremu zote za paneli ziungwe kwenye athi hiyo. Waya wa shaba mtupu usilale juu ya bati au alumini, shaba na bati zikikutana kwenye unyevu wa chumvi bati linatoboka. Tumia waya wenye koti na lagi (vichwa vya waya) zilizopakwa tini.

8. Upande wa AC

Inveta iwe na breka yake peke yake kwenye ubao, kamwe isichomekwe kwenye soketi. Kwa ampia 22 weka breka ya 32 kama waya ni 6 mm² au zaidi. Breka ya kuvuja, RCD, chagua aina inayotajwa kwenye kitabu cha inveta, baadhi zinahitaji aina B na ukiweka ya kawaida inaweza kupofuka, yaani isione uvujaji.

Karibu na mita weka swichi ya kutenganisha yenye kufuli, mahali fundi wa shirika anaifikia bila kugonga mlango wako. Bandika maandishi makubwa: HAPA PANA SOLA, UMEME UNATOKA PANDE MBILI.

Jenereta. Mwaka 2008 umeme ulikatika Unguja kama mwezi mzima, na kuanzia Disemba 2009 ukakatika tena karibu miezi mitatu, na tangu hapo nyumba na hoteli nyingi zina jenereta nyuma ya nyumba. Jenereta ipite kwenye chenji ova ya nafasi tatu, shirika, sifuri, jenereta. Na inveta ya gridi iwe upande wa SHIRIKA wa chenji ova, isikutane na jenereta kabisa. Ikikutana nayo itadhani ndo gridi, itaanza kuisukumia umeme, na jenereta ndogo itaharibika na vyombo vyako pamoja nayo.

9. Setingi

Weka 230 V, 50 Hz. Usiache setingi ya Marekani ya 60 Hz wala ile ya kiwandani isiyo na nchi. Muda wa kurudi baada ya umeme kurejea weka sekunde 60 au zaidi, mana umeme ukirudi mara nyingi unacheza cheza kwanza. Shirika likikupa namba zao, fuata zao sio zangu.

Klampu ya kupimia inafungwa kwenye waya wa laini unaoingia kutoka mita, KABLA haujagawanyika. Tumboni mwake ina mshale mdogo, hauonekani vizuri, washa tochi ya simu. Kitabu kitakuambia mshale uangalie gridi au uangalie nyumba, sio inveta zote sawa. Kisha weka kupeleka nje iwe sifuri. Hakikisha kwa macho: washa pasi, usomaji wa kununua upande. Ukishuka, mshale umegeuzwa.

ONYO: wapo wanaokuambia pandisha kikomo cha volti mpaka 270 inveta isikate. Usikubali. Volti hizo zinakwenda kwenye friji ya jirani pia.

10. Kuwasha na kupima kujizima

Fundi awepo, mkaguzi awepo kama amepangwa. Washa AC, kisha DC, subiri inveta ihesabu. Ikishaanza kutoa, mchana wa jua kali, zima ile swichi ya kutenganisha karibu na mita. Inveta lazima iache ndani ya sekunde 2. Pima kwa multimita upande wa swichi unaoelekea inveta, isome sifuri. Kisha rudisha, hesabu kama imesubiri muda uliouweka. Rudia tena. Inveta isiyopita kipimo hiki haiungwi, irudishwe dukani, hata kama mwenye duka ni shemeji yako.

Wenye haibridi: pimeni pia kwamba ikiwa kwenye betri haivuji volti kwenda upande wa mita. Na nyutro ya ile njia ya dharura iungwe kama kitabu kinavyosema, hapo mafundi wengi wanababaisha.

IKIGOMA

Inakata saa tano mpaka saa nane, ikisema volti zimezidi. Soma hatua ya 3. Pima kwenye inveta na kwenye mita wakati mmoja inapotoa. Tofauti ikiwa kubwa, waya wako. Zikiwa juu zote mbili, ni laini, peleka namba zako ZECO waangalie transfoma.

Yuniti zinaisha haraka kuliko kabla ya sola. Klampu imegeuzwa au ipo kwenye waya sio wake, umeme unatoka nje na mita inauhesabu. Zima inveta leo hii mpaka urekebishe.

Asubuhi baada ya mvua inakataa kuanza, inasema kuvuja kwa paneli, saa nne inakubali. Maji kwenye konekta au waya umechubuka ukingoni mwa bati. Zima kwa mpango, kagua mstari mmoja mmoja wa paneli. Usizime onyo hilo kwenye setingi.

RCD inaanguka bila sababu. Aina sio sahihi, au nyutro na athi zimegusana baada ya RCD.

Inatoa kidogo kuliko mwanzo. Osha paneli asubuhi mapema kwa maji ya kawaida na kitambaa, sio ya kisima chenye chumvi. Angalia kivuli kipya. Kumbuka pia joto, paneli ya nyuzi 60 inapoteza asilimia kumi hivi na hiyo ni kawaida.

Gridi ipo, majirani wana taa, inveta inasema hakuna gridi. Breka yake imeanguka, au nyutro imelegea. Nyutro iliyolegea ni hatari, taa zikififia upande mmoja na kuwaka sana upande mwengine zima meni swichi na uite fundi.

Ukikwama na unataka kuuliza, tafadhali usiandike tu "sola yangu haifanyi kazi". Andika volti za soketi asubuhi, mchana na usiku, unene na urefu wa waya kutoka inveta mpaka mita, modeli ya inveta, idadi ya paneli na picha ya stika ya nyuma yake, maneno ya kosa kama yalivyo kwenye kioo, na picha ya ubao ukiwa umefunguliwa na fundi na umeme umezimwa.